Posho, hongo na utani: wapagazi wa Tabora walitutangulia

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za darasani zilinibana mpaka mhudumu wa maktaba akanijua kwa jina. Leo nina jambo la historia. Msikimbie, hii siyo ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Tangu barua za udahili zianze kutoka, watu watatu wa nyumbani Tabora wameniuliza swali moja: huko Kampala mtu anazizoeaje hizo mila zenu za chuo? Wawili wanauliza wakiwa bado nyumbani, wanakula maembe yao kwa raha. Wa tatu ni binamu yangu, yuko huku huku mwaka wa kwanza, chuo kingine siyo changu. Yeye haulizi ili ajue tu. Anauliza ili aamue kama abebe begi arudi.

Wala simshangai. Ukitoka kwetu ukafika huku unakuta bweni lina wimbo wake, na wimbo wenyewe unaimbwa saa nane za usiku. Bweni la wanaume lina bweni la kina dada ambalo ni "ndugu" yake, halafu kuna bweni la upinzani ambalo hakuna anayekumbuka ugomvi ulianzia wapi. Makerere ndio wenye sifa hizo zaidi: undugu wa Lumumba na Mary Stuart unaitwa Lumbox, wa Africa na Livingstone unaitwa Afrostone, na ukiwataja watu wa Livingstone sharti useme ni Gentlemen, waungwana, hata yule aliyetoka kukuibia ndoo bafuni. Ukifika msimu wa kampeni za rais wa wanafunzi ni matarumbeta, majani ya miti kichwani na sauti kukauka.

Sasa mgeni kutoka Tanzania, akishafungua mdomo tu akasema "samahani, naomba kupita", watu wanamrudishia kwa kuvuta: "samahaaani, naooomba." Kiswahili chetu cha adabu huku ni burudani. Binamu yangu anasema, "Dada, hawa watu wananidharau." Wenzake wa mwaka wa tatu wameshamtuma kufua, wamemtuma maji, na alipokataa siku moja wakaacha kumsalimia korido nzima.

Mimi nasoma ualimu, somo langu kubwa historia, na siku hizi nimekuwa nikisoma habari za njia ya misafara iliyopita kwetu. Nikajiuliza: hivi kweli watu wa Tabora ndio wa kushangaa mila za wasafiri? Mji wetu umejengwa na wasafiri. Kabla haujaitwa Tabora wageni waliufahamu kwa majina ya Kaze na Unyanyembe, na katika karne ya 19 ilikuwa ndiyo njia panda: barabara moja inatoka Bagamoyo, nyingine inaendelea magharibi hadi Ujiji ziwa Tanganyika, nyingine inapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Hiyo ya tatu muiweke akilini, nitairudia.

Tuanze na wapagazi. Tumezoea kuwasikia kama watu wa kubebeshwa tu, masikini ya Mungu, historia inapita juu ya vichwa vyao. Lakini Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 njiani kutoka pwani, aliandika kitu tofauti kabisa. Kwa Wanyamwezi kazi ya upagazi ilikuwa kipimo cha utu uzima. Kijana ambaye hajaenda pwani alionekana hajawa mtu. Hata watoto wa miaka sita, saba, walikuwa wakibebeshwa vipande vidogo vya pembe begani ili wazoee. Yaani ni kama sisi tunavyomwuliza mtoto wa chekechea, "utasoma mpaka chuo kikuu?"

Na huko pwani kwao kulikuwa ng'ambo kweli kweli. Kijana wa Unyanyembe anafika Bagamoyo anakuta lugha nyingine, dini nyingine, bahari ambayo hajawahi kuiona, samaki na nazi kwenye chungu. Mzigo aliobeba unakaribia kilo 32, zile frasila mbili. Anakaa miezi kwa watu wasiomjua. Akirudi anarudi na kitambaa, na maneno mapya, na hadithi za kuwatisha wadogo zake. Mnisaidie: hiyo si sawa na kwenda kusoma nje?

Safari zenyewe zilikuwa na mila za ajabu kushinda za mabweni yetu. Mbele kabisa alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, amevaa kitambaa chekundu na kichwani ngozi ya mbega au manyoya ya ndege. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Ukimpita, unachomolewa mshale mmoja kwenye podo lako, na jioni kambini mshale ule ndio ushahidi, unaukomboa kwa faini. Pembe kubwa za ndovu zilifungwa kengele nchani, zikawa zinalia njia nzima. Na siku ya kuingia Kaze hakuna aliyeingia na matambara ya porini. Walitoa nguo nzuri walizozificha kwenye mizigo, wakapandisha bendera, wakapiga bunduki hewani na baragumu, mji mzima ukatoka kuwatazama. Mimi nikiona wahitimu wanapita na majoho yao huku wazazi wanapiga vigelegele, nawaona wapagazi wanaingia Kaze.

Halafu kuna maneno. Hapa Kampala kila siku mezani tunakula posho. Ugali wa mahindi wanauita posho, na siku ya kwanza Mtanzania anacheka kwa sababu kwetu posho ni hela ya kikao. Lakini neno hilo lilitembea na misafara. Posho ulikuwa mgawo wa chakula cha njiani, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Baadaye ukawa mgawo wa vibarua, wa askari na wa shule, na kwa kuwa mgawo mara nyingi ulikuwa unga wa mahindi, Uganda jina likabaki kwenye chakula chenyewe na kwetu likabaki kwenye malipo. Kwa hiyo Mtanzania na Mganda wanaochekana mezani wanagombania neno lililopita mdomoni mwa wapagazi.

Lingine ni hongo. Leo hongo ni rushwa, unakamatwa nayo. Njiani hongo ilikuwa ada ya kupita, na iliyojulikana zaidi ni ile iliyodaiwa Ugogo, nchi kavu ambako maji ni mali. Wafanyabiashara walilalamika sana juu ya hongo za watemi wa Ugogo, kila kambi ni vitambaa na shanga. Lakini angalieni ilikuwa inanunua nini: ukishalipa, unapata maji, unaruhusiwa kununua chakula, unapita. Aliyelipwa amejifunga. Nitaitumia hiyo mbele.

Sasa tufike kwenye utani, ambao ndio hasa ulionifanya niandike. Msomaji wa Kenya au Uganda anaweza kudhani utani ni mzaha tu. Kwetu ni taasisi. Mimi ni Mnyamwezi, Mzaramo ni mtani wangu. Anaweza kuniita mla panya mbele ya watu, anaweza kuchukua kuku wangu akamla, nami sina haki ya kukasirika. Nami nitamrudishia mara mbili, naye hana haki ya kukasirika. Nilipokuwa darasa la sita alifariki babu yetu pale Tabora. Wakaja watani. Mmoja akavaa koti la marehemu akatembea uwanjani kama babu alivyokuwa akitembea, na fimbo, akidai watu madeni. Bibi yangu, aliyekuwa amelia tangu alfajiri, akacheka mpaka akashika ukuta. Mtani mwingine akaingia kaburini akasema hatoki mpaka alipwe. Lakini wadau, hao hao ndio waliolichimba lile kaburi, ndio waliochota maji, ndio waliopika. Sisi wafiwa hatukushika jembe.

Kwa nini Mnyamwezi wa Tabora awe na mtani Mzaramo aliye karibu kilomita elfu moja kutoka kwao? Tazama ramani ya njia. Uzaramo ni nchi ya pwani, ndipo wapagazi wetu walipopita na kupiga kambi. Mzungu mmoja, R. E. Moreau, aliandika juu ya utani wa Tanganyika tangu miaka ya 1940, na mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, anauweka utani ndani kabisa ya maisha ya misafara: ulimpa mgeni ndugu mahali ambapo hana ndugu. Fikiria kijana wa Unyanyembe ameshikwa na homa siku ya themanini ya safari, msafara unataka kuondoka. Nani atamlisha? Akifa, nani atamzika? Mtani. Mtu anayekucheka lafudhi asubuhi ndiye huyo huyo anayewajibika na mwili wako jioni.

Na mzaha ulipanda juu pia, haukuteremka tu. Burton mwenyewe, mwenye msafara, mwenye bunduki na mishahara, wapagazi walimtungia nyimbo za kumsema vibaya, wakaziimba njiani mbele ya masikio yake. Aliziandika kwenye kitabu chake, na kwa kweli hakuwa na la kuwafanya.

Sasa ile barabara ya kaskazini niliyowaambia muiweke akilini. Mimi kuja huku napanda basi Tabora mpaka Mwanza, nazunguka ziwa kupitia Bukoba, navuka mpaka Mutukula, nafika Kampala mgongo unauma. Kumbe kwa kiasi kikubwa nafuata nyayo. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika ikulu ya Kabaka Suna mwaka 1844, na baada yake wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na maskani Unyanyembe wakawa wanapita Karagwe kwenda Buganda. Huko walikuta mila zilizonyooka kama rula: unasubiri mpaka uitwe, na mbele ya Kabaka unakaa chini, ardhini. Walikaa. Mwaka 1862 akaja John Hanning Speke, naye ametokea Kaze. Akawekwa asubiri juani, akakasirika akageuza kurudi kambini. Wakamkimbilia kumbembeleza, akarudi na kiti chake mwenyewe, akakaa juu ya kiti mbele ya Kabaka Mutesa. Wapo wanaomsifu kwa hilo. Lakini Speke aliweza kugoma kwa sababu alikuwa na bunduki na zawadi ambazo Kabaka alizitaka. Binamu yangu ana begi moja na pesa ya mjomba.

Na si kila desturi inaumiza. Huku mwanamke wa Kiganda anapiga magoti kumwamkia mkubwa. Dada zangu waliotoka Dar walishangaa, mmoja akasema haamini macho yake. Mimi binti wa Tabora nilicheka kimoyomoyo, maana bibi yangu akinisikia nimemwamkia mtu mzima nimesimama wima kama mlingoti, siku hiyo nalala na njaa. Mganda aliniona napiga goti akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia, "Kwetu."

Tuje kwenye mtu ambaye wote mnamjua. Julius Nyerere aliingia Tabora School mwaka 1937. Ile shule ilianzishwa miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, na ilijengwa kwa kuiga shule za mabwana wa Kiingereza: mabweni yanayoshindana, viranja wenye mamlaka, heshima kwa ngazi. Wakoloni waliifananisha na Eton. Kwa mtoto wa Butiama hiyo tayari ilikuwa ng'ambo ya kwanza, mila za Uingereza chini ya miembe ya Unyamwezi. Inasimuliwa kwamba walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule akakataa, kwa sababu kijana huyu ni mpole mno. Mmesikia hilo neno? Mpole. Ndilo hilo hilo wanalotuchekea nalo Watanzania huku Kampala. Mfumo ule ulimtaka kiranja anayeogopwa, na mtu wa kutania na kutaniwa hakufaa.

Januari 1943 akaja Makerere, ng'ambo ya pili, kusomea ualimu kama mimi. (Hapo naomba mniruhusu niringe kidogo.) Hakuwa peke yake aliyetoka Tabora School, Abdallah Fundikira, mtoto wa ukoo wa utemi wa Unyanyembe, naye alipita Tabora School na Makerere, akaja kuwa Waziri wa Sheria nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Makerere Nyerere alisoma hoja za John Stuart Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, akaandika insha akizipima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki, watu wake mwenyewe. Mimi kama mwanamke hapo nilisimama nikasoma tena. Alichukua kitabu cha ugenini akakitumia kumwangalia mama yake vizuri zaidi. Alipomaliza alirudi Tabora, akafundisha shule ya St. Mary's, ambako somo lake mojawapo lilikuwa baiolojia.

Ng'ambo ya tatu ilikuwa Edinburgh, Uskoti, kuanzia 1949 hadi 1952. Jamani, mkidhani mila za Kampala ni vituko, subirini. Kwanza, Uskoti shahada ya kwanza ya sanaa inaitwa MA. Kwa hiyo ile MA ya Mwalimu inayowachanganya watu ni shahada ya kwanza, ndivyo wao walivyozoea tangu zamani. Pili, wanafunzi wanachagua Rekta wa chuo kwa kura, haki waliyo nayo tangu 1859. Kampeni zake zilikuwa na desturi ya kurushiana unga na mayai, yaani kampeni zetu za matarumbeta ni ibada ukilinganisha. Mwaka 1951, Nyerere akiwa hapo, walimchagua Alexander Fleming, yule mgunduzi wa penisilini. Tatu, siku ya mahafali kila mhitimu anaguswa kichwani kwa kofia ya kale ambayo watu husimulia imeshonwa kwa suruali ya John Knox, mhubiri aliyefariki 1572. Mwaka 2000 walipoikarabati wakakuta ndani jina la fundi na mwaka 1849. Hadithi ikaanguka, lakini kofia inaendelea kugusa vichwa.

Mtu aliyepita kote huko alirudi nyumbani mwaka 1952, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa. Hakurudi Mskoti. Ninachokiona mimi ni kwamba mila hazikummaliza kwa sababu alizipima. Ya kupigiwa makofi aliipigia makofi, ya kucheka alicheka, na Edinburgh ile ile alisimama na wanafunzi wengine kupinga ubaguzi wa rangi na mpango wa kuyaunganisha makoloni ya Rhodesia na Nyasaland chini ya walowezi. Ualikwa wake ugenini haukumfunga mdomo.

Basi na mimi nimejaribu kutengeneza kipimo, nimekiokota njiani kwa wapagazi. Kina maswali matatu.

La kwanza: je, mgeni anaruhusiwa kujibu? Mtani wangu akiniita mla panya, nami nina langu la kumwita. Wapagazi walimwimba Burton. Kama wakubwa wa bweni wanaiga lafudhi ya mgeni, na mgeni akiiga yao wanacheka wote, huo ni utani. Akiiga yao wakanuna wakamtenga, utani umekwisha, iliyobaki ni ngazi ya viranja.

La pili: anayekucheka ana wajibu gani kwako? Ukipata malaria usiku wa manane, huyo aliyekuimbia "naooomba" ndiye atakayekupeleka zahanati? Kama ndiye, mvumilie, umepata ndugu. Kama hata jina lako halijui, unachofanyiwa hakina jina la kistaarabu.

La tatu ni la hongo: ukitoa, unapata nini? Mgeni kununulia korido soda siku ya kwanza, sawa, kama soda hiyo inamfanya mwenyeji. Kumfulia mtu mashati muhula mzima na usipate hata salamu, Mgogo wa zamani angekushangaa. Yeye alikupa maji.

Nimempigia binamu yangu nikamsomea hayo maswali. La kwanza akasema hapana. La pili akasema hapana. La tatu akanyamaza. Nikamwambia usirudi nyumbani, hama korido. Chuo ni kikubwa kuliko korido moja, na kijana wa Unyanyembe aliyekuwa na msafara mbaya hakuacha kwenda pwani, alitafuta msafara mwingine. Wapagazi walikuwa na sifa hiyo pia, wenye misafara walilia sana kuamka asubuhi na kukuta watu wametoroka. Ameenda kuomba kubadilishiwa chumba. Jibu hajapata, kwa hiyo hapo siwezi kuwapa mwisho mzuri.

Kwa upande wangu, Jumamosi hii Watanzania wa bweni letu tunapokea wageni wa mwaka wa kwanza, na shughuli nimekabidhiwa mimi. Nimependekeza kila mgeni apewe mtani mmoja wa mwaka wa juu, tena kutoka Uganda au Kenya, mwenye ruhusa ya kumcheka atakavyo na mwenye kuacha namba ya simu ya kupokelewa saa yoyote. Wimbo wa bweni watafundishwa, lakini nao watatutungia wa kutusema, tutausikiliza tumekaa chini. Wa Morogoro mmoja ameshaniuliza kama kutakuwa na chakula. Kutakuwa na posho na maharage, kibaba kwa kila mtu.

Na nyie mlioko Tabora mnasubiri kuondoka, kabla ya kupanda basi nendeni Kwihara, ni kilomita chache tu nje ya mji, mkalione tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, miezi zaidi ya mitano akisubiri wapagazi. Makerere wamempa bweni zima lenye jina lake. Alipokufa mwaka uliofuata, akina Susi na Chuma walimbeba wakapita naye hapo hapo Unyanyembe hadi Bagamoyo. Mkifika huku mkakutana na hao Gentlemen, waulizeni kama wanawajua waliombeba. Hiyo itakuwa zamu yenu ya kwanza ya kutania.